Pima Sebule, Usimpime Mume: TV ya Bibi Harusi Iwe Inchi Ngapi?



Idi imepita, Mfungo Mosi umeingia, na harusi visiwani zimeanza kufuatana. Kama ilivyo kila mwaka, orodha za vitu vya nyumba nazo zimeanza kuzunguka, kutoka kwa shangazi hadi kwa somo, kutoka kwa somo hadi kwa wifi. Kitanda kimo, kabati limo, friji imo. Na siku hizi, kabla hata ya jiko, imo TV, tena kwa saizi yake: inchi 65. Aliyeiona 65 kwa mwenzake anataka 75.

Sisi tunasema basi, imetosha.

Televisheni yenyewe hatuna ugomvi nayo. Wazanzibari si wageni wa kitu hiki. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, tena kwa rangi tangu mwanzo, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994. Mabibi zetu wameangalia taarifa ya habari na taarabu wakiwa wamekaa mkekani, na nyumba zao hazikuharibika. Tunachokikataa ni kuipima TV kwa macho ya watu badala ya kuipima kwa chumba. Saizi ya TV ni hesabu ya umbali, ukuta na mfuko. Ikigeuzwa kuwa hesabu ya mapenzi na heshima, wa kwanza kuumia ni bibi harusi mwenyewe.

Vyumba vyetu tunavijua

Tuanze na chumba. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: mita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi wa maulidi, lakini upana ni ule ule. Nyumba za matofali tunazojenga sasa Fuoni, Kwarara au Chake Chake hazitegemei boriti, lakini bado sebule ya futi 10 kwa 12 ni kitu cha kawaida kabisa. Hakuna aibu hapo. Ndizo nyumba zetu, na ndani yake wamelelewa watu wazima wenye akili zao.

Haya, tupige hesabu ya futi 10. Futi 10 ni sentimita 305 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukikaa kwenye kochi ukaegemea, macho yako yapo kama sentimita 65 mbele ya ukuta wa nyuma. TV nayo, ikiwa mezani au imetundikwa, inakula kama sentimita 15 upande wake. Kinachobaki baina ya macho yako na kioo ni sentimita 225 tu.

Sasa ile namba ya inchi. Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Kipimo kinachotumika sana na watu wa picha ni kwamba kioo kichukue kiasi cha nyuzi 30 za upeo wa macho yako. Kwa TV za umbo la siku hizi, hiyo ni sawa na kukaa umbali wa mara 1.6 ya mshazari wake. Kwa nyumba inayoangalia zaidi habari, tamthilia na mawaidha kupitia king'amuzi, kukaa mara 2 ni raha zaidi. Tumekupigieni hesabu yenyewe. Huu ndio umbali kutoka machoni hadi kwenye kioo:

- Inchi 32: sentimita 130 hadi 165
- Inchi 43: sentimita 175 hadi 220
- Inchi 50: sentimita 205 hadi 255
- Inchi 55: sentimita 225 hadi 280
- Inchi 65: sentimita 265 hadi 330
- Inchi 75: sentimita 305 hadi 380

Rudi kwenye sebule yetu ya sentimita 225. Inakaribisha inchi 43, inakaribisha 50, na 55 ndiyo mwisho wake. Inchi 75 inataka macho yawe sentimita 305 kutoka kwenye kioo, na hicho ndicho chumba kizima. Kwa maneno mengine, ili uiangalie vizuri TV uliyoililia, kichwa chako kiwe ndani ya ukuta.

Na usidanganyike kwamba kutoka 55 hadi 65 ni "inchi 10 tu". Namba inapanda kwa mshazari, lakini eneo linalojaza ukuta wako linapanda kwa kasi zaidi. TV ya 65 ina eneo kubwa kuliko ya 55 kwa karibu asilimia 40. Ya 75 ni mara 3 ya ile ya 43. Upana wake peke yake ni sentimita 166, unaopita upana wa kitanda cha futi 5 kwa 6. Hebu fikiria kusimamisha godoro lako ukutani, halafu umwambie mgeni karibu, kaa.

"Lakini hii ni 4K, dada"

Ukienda Darajani au Mlandege utaambiwa kwamba hesabu hizo ni za TV za zamani, na kwamba 4K unaweza kuikaribia utakavyo. Muuzaji hasemi uongo, ila anasema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba 4K ina vitone vingi zaidi, kwa hiyo ukikaa karibu huvioni kimoja kimoja. Lakini swali la kumrudishia ni hili: picha yenyewe itatoka wapi? Chaneli nyingi tunazoangalia kwa king'amuzi hazirushwi kwa 4K. TV inachukua picha ndogo inaitanua ijaze kioo kikubwa, na picha iliyotanuliwa ukiikalia karibu inakuwa kama kanga iliyofuliwa mara mia: rangi ipo, maua hayana kingo. Pale dukani umeonyeshwa filamu ya samaki na maua iliyotengenezwa mahsusi kuiuza TV ile. Nyumbani utaangalia taarifa ya habari.

Halafu duka lile lina nafasi, umesimama mbali, na pembeni zimepangwa TV nyingine kubwa zaidi. Katikati ya hizo, ya 55 inaonekana kijitoto. Ipeleke ndani ya futi 10 uone kama bado ni kijitoto.

Ukuta wa kibla

Hili halimo katika orodha yoyote tuliyoiona, nasi tunashangaa. Kutoka Unguja na Pemba, Makka iko karibu kaskazini kamili. Kwa hiyo kila sebule ya visiwani ina ukuta mmoja wa kibla, nao ni ule wa kaskazini. Katika nyumba nyingi, sebule ndiyo pia pa kusalia: mgeni anapokutwa na Magharibi, baba na watoto Isha inapowakuta nyumbani, bibi asiyeweza tena kupanda ngazi.

Tunaijua sote habari ya Bi Aisha (R.A.) na pazia lake la nakshi, iliyopokewa na Imam Bukhari: Mtume (S.A.W.) alimtaka aliondoe kwa sababu nakshi zake zilikuwa zikimjia ndani ya sala. Lile lilikuwa pazia. Sisi tunatundika kioo cheusi cha karibu mita 2, juu yake tukaweka fremu ya Ayatul Kursiyyu, na mbele yake tukatandika miswala. Hata ikizimwa, TV ni kioo. Unasujudu na kuinuka ukijiona, ukimwona mtoto anavyopita nyuma, ukiona feni inavyozunguka. Hatutoi fatwa, hilo ni la masheikh. Tunasema tu kwamba kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyokosa pa kuwekwa pasipomkabili mwenye kusali.

Tazama pia jua. Kwetu linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. TV iliyoelekeana na dirisha la magharibi itakuwa inamulikwa kila alasiri, na hapo utafunga mapazia, chumba kiwe tanuri, ili uone picha. Ukiuacha ukuta wa kibla na ukakwepa kuelekeana na madirisha ya jua, kwa nyumba nyingi ukuta uliobaki ni wa kusini, au kipande cha ukuta kando ya mlango. TV ya 43 au 50 inakaa hapo vizuri. Ya 75 inakosa nafasi, na inaishia kule kule kaskazini.

Mahari ni yako, ndiyo maana tunasema

Tunajua kuna watakaotushukia: "Nyinyi mnataka wanawake wapunguziwe haki zao." Hapana, wallahi. Mahari ni haki ya mwanamke kwa nassi ya Sura An-Nisaa, aya ya 4, na mwenye kuitaja ni yeye. Hakuna mstari hapa unaosema omba kidogo. Tunasema: ukiomba, omba kitu kitakachokusimamia.

TV inaanza kushuka thamani siku inayotoka kwenye boksi. Baada ya miaka michache, ya saizi ile ile inauzwa kwa bei ndogo, na yako haina mnunuzi. Tofauti ya bei baina ya TV inayotosha chumba chako na ile ya kuwaonyesha watu, ichukue kwa dhahabu, ikae shingoni mwako. Au ichukue kwa cherehani nzuri, au kwa friza ya kugandishia barafu na juisi za kuuza. Siku mambo yakiwa magumu, na yatakuja kuwa magumu maana ndiyo dunia, bangili inauzika asubuhi na mchana watu wamekula. TV ya inchi 75 utamuuzia nani, aingie nayo mlango gani?

Na pesa ya TV hiyo inatoka wapi? Mara nyingi bwana harusi anaichukua kwa mkopo, au anakopa kwa rafiki, au anasogeza harusi mbele miezi minne ili aikamilishe orodha. Deni hilo haliishi siku ya nikaha. Linaingia ndani pamoja na bibi harusi, linalala nao chumba kimoja, na mwezi wa tatu ndilo linalojibu anapoomba pesa ya kliniki. Dini yetu imelisema hili bila kuficha: Sura Al-Israa, aya ya 26 na 27, inakemea ubadhirifu kwa ukali mkubwa, na Sura Al-Furqaan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia kwa wastani, bila kufuja na bila ubakhili. Wastani ndio tunaoudai. Mtu hujikuna ajipatapo.

Kuna na umeme. Geuza TV dukani, soma lebo ya nyuma, utaona wati zake. Zidisha wati kwa saa unazoiwasha kwa siku, gawa kwa 1,000, na hizo ndizo yuniti. TV ya wati 100 ikiwashwa saa 6 inakula yuniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Ya wati 200 inakula 36. Nani atakayetia TUKUZA kila wiki? Shangazi aliyeandika orodha?

Kwa mama zetu na mavyaa

Mama, tunakuheshimu, na tunajua unalolitafuta. Unataka binti yako asidharauliwe kwao mume. Lakini heshima haijapata kukaa kwenye kioo. Wageni wakija kumtazama mwari siku ya saba, watakumbuka kahawa ilivyonukia, halwa ilivyopangwa, na kama walipata pa kukaa. Sebule iliyogeuzwa yote kuelekea TV inawakalisha watu bega kwa bega kama wamepanda daladala, kila mmoja anatazama mbele. Makochi yanayotazamana ndiyo yanayofanya mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayomfanya mavyaa na mkwewe wazoeane.

Na wewe mavyaa, usije ukasema mbele ya majirani kwamba mke wa mwanao "hana hata TV ya maana". Neno hilo ndilo linalowatuma vijana kukopa.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema nunua ndogo kabisa ndiyo uchamungu. Nao tuna neno nao. TV ya inchi 24 kwenye sebule ambayo watu wanakaa mita 3 mbali ni hasara vilevile. Watoto watasogea mpaka waiguse kwa pua, bibi hatasoma maandishi ya chini, na baada ya mwaka mtanunua nyingine. Kununua mara mbili nako ni israfu. Kama sebule yako ni kubwa kweli, na macho yanafika mita 3 bila kujibana, nunua hiyo 65 kwa amani, mradi usiikope. Chumba ndicho kinachoamua.

Fanyeni hivi kabla ya kwenda dukani

Kwanza, panga makochi au majlis pale unapotaka watu wakae. TV inafuata watu, watu hawaifuati TV. Chukua tepu ya fundi, pima kutoka yatakapokuwa macho hadi kitakapokuwa kioo, uangalie orodha ya juu.

Pili, chukua kanga. Upande mmoja wa kanga una urefu wa karibu sentimita 150, na TV ya inchi 65 ina upana wa 144, yaani inakaribia kuumaliza. Ya 75 inaupita. Ikunje kanga yako ifikie kipimo unachokiwazia: sentimita 95 kwa 54 kwa inchi 43, au 122 kwa 68 kwa inchi 55. Ibane ukutani, iache siku 4. Pita mbele yake na sinia ya chai, fungua mlango, sali, karibisha mgeni. Siku ya nne utajua kama inakaa au inakukaba, na hujatoa hata shilingi.

Tatu, tazama kimo. Mtu aliyekaa kwenye kochi, macho yake yapo karibu sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Aliyekaa kwenye majlis ya chini, karibu 75 hadi 80. Katikati ya kioo pawe hapo au chini kidogo. Tabia ya kuitundika juu kama saa ya msikitini inaumiza shingo, na kioo kikubwa ndicho kinachosukuma watu kuipandisha.

Nne, mjue ukuta wako. Kuta za mawe na chokaa za nyumba za zamani hazishiki misumari na plagi kama zege. TV kubwa inaweza kufika kilo 30 na zaidi. Kama fundi anagonga na chokaa inamwagika, weka mezani. Meza iwe pana kuliko miguu ya TV, na TV ifungwe kwa nyuma, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote anachokikuta.

Tukimtaja mtoto: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 limesema mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. TV ikishakuwa ndiyo ukuta mzima wa sebule, hilo nani ataliweza? Iliyo na saizi yake inazimwa, inafunikwa kitambaa, na chumba kinarudi kuwa chumba.

Basi, bibi harusi, orodha ikikufikia mkononi, futa ile "65" iliyoandikwa na mtu asiyewahi kuingia sebule yako. Andika "TV, saizi tutakayopima". Mchumba wako na kaka yako waende na tepu, nawe utoe kanga. Tofauti ya bei isirudi mfukoni mwa mtu: itajwe, ihesabiwe, iwe bangili yako.

Mwenyezi Mungu awajaalie nyumba zenye utulivu, zisizo na deni, na zenye nafasi ya mgeni na ya mswala. Amin.

Wabillahi tawfiq.